Kupikia Gugu Maji: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Bayogesi Uani, Dar es Salaam

Mara ya kwanza nilileta gugu maji nyumbani kwa kirikuu. Lilitoka kwenye bwawa la mzee mmoja mfuga samaki huko Chanika, gugu limemzibia maji mpaka samaki wanapanda juu alfajiri kutafuta hewa. "Chukua lote, mwanangu, na mizizi yake uondoke nayo," akaniambia. Nikalimwaga uani, rundo likanifika kiunoni. Watoto wa jirani wakaja kuchuma yale maua ya zambarau. Baada ya siku tano za jua la Januari rundo zima lilikuwa limenywea, likaenea kwenye viroba viwili.

Hapo ndipo nilipoelewa ninashughulika na nini. Ukipima kilo 100 za gugu maji bichi, kilo 92 hadi 95 ni maji. Na kile kikonyo kilichovimba kama kitunguu, kinachofanya mmea uelee, kimejaa hewa. Kwa hiyo umebeba maji na hewa, na ndani yake kuna kilo tano hadi nane tu za mmea mkavu, ambao sehemu yake kubwa bakteria wanaweza kuigeuza kuwa gesi. Karibu kila ninachokueleza hapa chini ni namna ya kupambana na hayo mawili. Ukilitumbukiza gugu kwenye mtambo kama unavyotia samadi ya ng'ombe, litaelea ndani ya tanki kama lilivyoelea bwawani, na hutapata moto.

Piga hesabu kabla hujanunua tanki

Kilo 20 za gugu bichi zina takriban kilo 1.2 za mmea mkavu. Sehemu kubwa ya hiyo, kama asilimia 80, ndiyo inayoweza kuoza. Nyingine ni madini na mchanga. Kwa joto la Dar, bila kupasha tanki, tarajia lita 240 hivi za bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na vitu vinavyooza bila hewa, kwa siku kutoka kwenye kilo hizo 20. Jiko dogo la bayogesi hula lita 200 hadi 450 kwa saa. Umepata saa moja ya moto wa wastani: chai ya asubuhi na sufuria ya wali, maharage utayapikia kwingine.

Tuiweke kwa lugha ya mtungi. Mita moja ya ujazo ya bayogesi, yaani lita 1,000, ina nguvu karibu sawa na nusu kilo ya gesi ya mtungi, pungufu kidogo. Mtungi mdogo wa kilo 6 ni sawa na mita 13 hivi za bayogesi. Kwa lita 240 kwa siku, mtambo huu utakuokolea mtungi mdogo mmoja kila baada ya siku 55. Anayekuambia tanki moja la gugu litaendesha jiko la familia ya watu saba mchana na usiku, muulize analisha kilo ngapi kwa siku.

Kuna njia halali ya kudanganya hesabu hiyo: mabaki ya jikoni. Kilo moja ya ugali uliolala hutoa gesi inayozidi ile ya kilo kumi za gugu bichi, kwa sababu ugali ni wanga mtupu na gugu ni nyuzinyuzi. Ukichanganya kilo 20 za gugu na kilo moja ya mabaki ya ugali, wali na maganda, unakaribia lita 400 kwa siku, na ule mtungi unaokolewa kila baada ya mwezi mmoja na siku chache. Mimi nachanganya. Sioni ufahari wa kupika kwa gugu peke yake.

Kuvuna: wapi, na wapi usiguse

Gugu likiwa limesongamana, mita moja ya mraba hutoa kilo 20 hadi 50. Mahitaji yako ya wiki nzima, kilo 140, ni eneo la mita tatu hadi saba za mraba. Huhitaji mto, bwawa moja la samaki lililovamiwa linatosha, na mwenye bwawa atakushukuru. Shimo la zamani la mchanga lenye maji yaliyotuama nalo linafaa. Hata lile gugu dogo linaloelea kama kichwa cha saladi lina kazi, na ni laini kuliko gugu maji lenyewe.

Mto Msimbazi ni habari nyingine. Maji yake hupokea uchafu wa viwanda, gereji na vyoo vya nusu ya jiji, na gugu maji lina sifa ya kufyonza madini mazito kama risasi na kromi na kuyahifadhi, zaidi kwenye mizizi. Gesi yake itawaka vizuri tu. Tatizo ni uji unaobaki tankini, ambao hautafaa kumwagiwa mchicha. Ukivuna huko, amua mapema kwamba uji huo ni wa miti ya kivuli na maua. Mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti yana wenyewe, na hata ukipewa ruhusa sikushauri. Vimelea vya kipindupindu na minyoo havina adabu.

Kama ni mto au mfereji, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ueleze unachofanya, ili usije ukaonekana mvamizi wa bonde. Usiweke mtambo kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hata bila sheria, masika yanapokuja Jangwani hakuna tanki linalobaki mahali pake.

Vaa buti za mpira na glavu ndefu. Maji yaliyotuama yenye konokono ni maji ya kichocho, na chini ya zulia la gugu nyoka hupumzika bila hofu. Vuta kwa reki ndefu au ndoano ya chuma iliyofungwa kwenye mti, ukiwa umesimama nchi kavu. Kata mizizi palepale kwa panga na uiache juu ya udongo mkavu ife, mbali na maji. Umeondoa matope, mchanga utakaojaza tanki, na sehemu kubwa ya yale madini mazito kwa pigo moja.

Halafu kuna jambo ambalo ningelipigia kelele kama ningekuwa na spika. Usiotesha gugu maji ili upate gesi, na usilisafirishe bichi bila kulifunika turubai. Likipata hali nzuri huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili, na mbegu zake zinaweza kukaa kwenye matope miaka hata 20 zikisubiri. Kipande kimoja kikidondoka mferejini, umempa mtu mwingine matatizo ya mzee wa Chanika.

Mtambo: kwa nini matanki mawili

Tanzania ina uzoefu wa bayogesi tangu SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ilipoanza kuijaribu mwaka 1975. Baadaye CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, iliijenga kwa wingi kwa muundo wa kuba la matofali chini ya ardhi, hasa tangu programu ya taifa ya mwaka 2009. Kuba ni muundo imara sana, kwa samadi. Ukilitia gugu linaelea na kutengeneza utando mgumu juu, na utando huo uko chini ya kuba, hufiki. Ndiyo maana mimi natumia muundo wa matanki mawili ya plastiki, moja likiwa limepinduliwa ndani ya jingine, ambao taasisi ya ARTI ya Pune, India, iliueneza kwa ajili ya mabaki ya chakula. Tanki la juu huelea na kupanda gesi inapojaa, na unaweza kulizungusha kwa mkono. Huko kuzungusha ndiko kunakovunja utando.

Nunua tanki la lita 1,000 na jingine la lita 750. Nenda dukani na futi yako: la pili liingie ndani ya la kwanza likiacha nafasi ya sentimita tatu hivi kila upande. Ikiwa nafasi ni kubwa gesi nyingi itapotelea pembeni, na ikibana tanki litakwama. Usiamini namba zilizoandikwa, kila kiwanda kina umbo lake. Kata mabega ya tanki kubwa libaki wazi juu. Kata na mdomo wa lile dogo, kisha uligeuze kichwa chini. Kitako chake sasa ndicho paa la gesi.

Chini kabisa ubavuni mwa tanki kubwa toboa na ufunge bomba la kulishia. Liwe la inchi 4. Nilianza na inchi 2 nikajuta ndani ya wiki, kwa sababu gugu linaziba. Bomba hilo lipande nje mpaka juu ya ukingo wa tanki na limalizie kwa ndoo iliyokatwa kitako, iwe kama faneli. Upande wa pili, sentimita kumi chini ya ukingo, funga bomba la kutolea uji. Kimo ulipolifunga ndicho kitakachopanga usawa wa uji ndani. Kwenye kitako cha tanki dogo funga koki ya nusu inchi. Kabla hujalipindua, funga ndani yake mabomba mawili ya PVC kwa umbo la msalaba, karibu na mdomo. Tanki likizungushwa, msalaba huo unakoroga.

Sakafu iwe tambarare na ngumu, kwa kuwa mzigo ukijaa unakaribia tani moja. Weka mahali penye jua, nje, hewa inapita, mita kadhaa kutoka kwenye moto wowote. Paka tanki la juu rangi nyeusi. Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi unapopoza usiku, utaona faida yake.

Kuamsha mtambo kwa samadi

Gugu halina bakteria wa kutosha wa kutengeneza methani, ile sehemu ya bayogesi inayowaka. Wamo tumboni mwa ng'ombe. Hapa Dar hutembei mbali kupata samadi: wafugaji wa ndani wapo kila upande wa jiji, na uchafu wa matumbo kutoka machinjioni ni bora zaidi, kwa sababu ni nyasi zilizokwisha kuanza kusagwa. Tafuta ndoo 15 za lita 20, mbichi, zisizo na mchanga. Kodi toyo, na umwambie dereva ukweli kuhusu mzigo.

Koroga samadi hiyo na ndoo 27 za maji, uondoe mawe na majani makavu, umimine tankini. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza ili dawa ipungue. Fungua koki, shusha tanki la juu mpaka hewa yote itoke, kisha funga. Sasa subiri bila kulisha chochote.

Ndani ya wiki moja au mbili tanki litaanza kupanda. Gesi ya kwanza usiiwashe. Imechanganyika na hewa iliyobaki, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka. Fungua koki mbali na moto, liache lishuke kabisa, lijae tena, ulishushe tena. Jaza la tatu ndilo la kujaribu, tena jikoni kwenye jiko, kamwe si kwenye koki ya tanki. Likiwaka bluu na halizimiki, mtambo umeamka na gugu linaweza kuanza kuingia.

Kuandaa gugu, ambako ndiko kazi iliko

Wengi huharakisha hapa, kisha wanalaumu tanki.

Tandaza gugu kivulini siku moja au mbili mpaka uzito wake upungue kwa nusu. Kilo 20 ziwe kumi. Unafukuza maji ambayo yangekula nafasi tankini bila kutoa chochote. Kisha katakata vipande vya sentimita mbili au tatu. Panga na gogo vinafanya kazi kwa mtambo wa nyumbani. Ukiwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mtaa mzima utakuja kuiazima. Baada ya hapo, twanga. Ndiyo, kwenye kinu, kile cha zamani ambacho hamtwangii chakula tena. Si lazima lilainike kama kisamvu. Mipigo michache ya mchi inapasua vile vikonyo vilivyojaa hewa, utasikia vinavyolia. Gugu lililotwangwa huzama. Lisilotwangwa huelea, tumerudi tulikotoka.

Tia lililotwangwa kwenye pipa lenye mfuniko, mwagia lita nane hivi za uji uliotoka kwenye mtambo wako, koroga, funika siku mbili. Uji huo una bakteria tayari, wanaanza kulainisha nyuzi. Usizidishe siku tatu, kwa sababu kinachooza pipani ni gesi inayopotea hewani. Nikipanga mapipa mawili kwa zamu, kila siku nina moja la kulisha.

Nyuzi za mimea zinaweza kutoa gesi kwa kiwango kikubwa pia. Pale Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya mkonge yalitengenezewa mtambo wa bayogesi wa kuzalisha umeme, na mkonge ni mgumu kuliko gugu.

Ukivuna zaidi ya unachohitaji, kausha kabisa mpaka livunjike mkononi, uhifadhi kwenye viroba mahali pakavu. Kilo moja na robo ya kavu ni sawa na kilo 20 bichi. Loweka usiku kucha kwenye uji kabla ya kulitumia. Hii ndiyo akiba ya masika, wakati barabara za kwenda bwawani hazipitiki.

Kulisha

Usianze na kilo 20. Wiki ya kwanza lisha robo, ya pili nusu, ya tatu robo tatu. Ukifika kipimo kamili utakuwa unamimina ndoo moja ya lita 20 kwa siku, na kwa tanki lenye lita 840 za uji, kila kilichoingia kinakaa siku 42 kabla ya kutoka. Nyuzi zinahitaji muda huo.

Kila asubuhi na kila jioni lizungushe tanki la juu, nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi, mara kumi. Dakika mbili hizo zikirukwa wiki nzima utapata utando mnene kama godoro. Mabaki ya jikoni yaingie kwa kiasi: kilo moja kwa siku, basi. Mafuta mengi, mifupa na maganda ya machungwa yaache nje.

Ile nafasi ya pembeni kati ya matanki ni nyumba ya mbu. Kata chandarua chakavu, ukifunge kuizunguka. Mke wangu ndiye aliyegundua hili, baada ya kuniuliza kama nafuga gesi au mbu.

Kutoka tankini hadi jikoni

Bayogesi ni nyepesi na haina presha. Regyuleta ya mtungi wa gesi iondoe kabisa, itaizuia. Presha unaitengeneza kwa uzito: tanki la juu peke yake hutoa sentimita mbili na nusu tu za maji, na jiko linataka tano au zaidi. Kwa tanki lenye upana wa mita moja, kila kilo nane unazoweka juu huongeza sentimita moja. Mifuko minne ya mchanga ya kilo kumi, iliyopangwa kwa usawa pembeni, inanitosha.

Mpira wa gesi uinamie sehemu moja, na hapo weka tii, kile kiungo cha bomba chenye njia tatu, yenye koki ndogo chini ya kutolea maji, maana gesi hii hutoka na mvuke unaogeuka maji na kuziba njia. Moto ukianza kurukaruka, fungua koki hiyo kwanza kabla hujamwita fundi. Kabla ya jiko, weka bomba fupi lililojazwa stiliwaya za kusugulia masufuria zilizoachwa zipate kutu. Kutu hukamata ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu na hula vyuma vya jiko. Zikiwa nyeusi kabisa, badilisha. Pitisha pia gesi kwenye chupa yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, moto usiweze kurudi nyuma hadi tankini.

Jiko la bayogesi likipatikana, nunua. Jiko la kawaida la gesi hugeuzwa kwa kutanua tundu la nozeli hadi milimita 2 hivi na kupunguza matundu ya hewa, kwa sababu bayogesi huhitaji hewa kidogo kuliko gesi ya mtungi. Jiko lililotanuliwa hivyo usilirudishe kwenye mtungi.

Kila kiungo kipake povu la sabuni. Linapotoa mapovu pana pengo. Usitafute tundu kwa kiberiti.

Mtambo ukigoma

Tanki halipandi na uji unanuka uchachu kama togwa lililopitiliza: umelisha kupita kiasi, hasa mabaki ya jikoni, na asidi imewazidi nguvu bakteria. Acha kulisha siku tano hadi saba, endelea kuzungusha, na mwaga ndoo moja ya samadi mbichi. Ukiwa na karatasi za kupimia asidi, unataka pH ya 6.8 hadi 7.4. Majivu yaliyochujwa kwenye maji husaidia, kikombe kwa kikombe, bila pupa.

Tanki limepanda lakini gesi haiwaki: mara nyingi ni ile ile asidi, au mtambo bado mchanga, hewa ya ukaa imezidi methani. Itoe, usubiri.

Tanki limeinama upande mmoja: utando. Shusha gesi yote nje, hewa ipite, nyanyua tanki ukiwa na mwenzako, vunja utando kwa reki. Pasiwe na sigara wala simu inayoita karibu. Na kichwa chako kisiingie ndani ya tanki hata mara moja, hata kama ni kutafuta spana iliyodondoka.

Uji unaotoka

Kila siku lita 20 zinaingia, karibu 20 zinatoka. Nane zinarudi kwenye pipa la kulowekea. Zinazobaki ni mbolea yenye naitrojeni ambayo mmea unaitumia upesi kuliko samadi mbichi. Kama gugu lako ni la bwawa safi, changanya uji moja kwa maji mawili na umwagie migomba, mipapai na mchicha chini ya shina, kamwe si juu ya majani, ukiacha wiki tatu kabla ya kuvuna mboga. Kama ni la Msimbazi, nimeshasema lielekee wapi. Usiumwage mferejini kwa hali yoyote. Ni chakula kilekile kilichonenepesha gugu tangu mwanzo.

Baada ya mwaka na nusu hivi, mchanga utakuwa umejaa chini na kilo zilezile zitaanza kutoa gesi pungufu. Toa uji wote, acha tanki wazi siku mbili, osha, na hifadhi ndoo kumi za uji wa chini kabisa kwenye mapipa yenye mfuniko uliolegezwa kidogo. Hao ndio bakteria wako, wamekwisha kuzoea gugu. Ukiwarudisha na maji mapya pamoja na ndoo tano za samadi, hutasubiri kama mara ya kwanza. Mimi nilipika chai siku ya sita.